Bwana Shamba Akataa Kula

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilikuwa nimepewa zaidi ya mia, kwa hiyo zilipotimia sikuwa na haki ya kulalamika.

Zilitimia Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba changu cha kushonea pale Kilakala, katikati ya vipande vya sare za shule, mkono mmoja umeshika bomba la sindano lisilo na sindano, wa pili umeshika taya la paka. Ndani ya bomba mlikuwa na mchuzi wa dagaa niliousaga mpaka ukawa uji. Paka hakunikwaruza wala hakunguruma. Alifumba macho tu, akageuza uso pembeni, mchuzi ukamtoka mdomoni ukadondokea kwenye gauni langu.

"Kula, baba," nikambembeleza. "Kidogo tu. Mwenyewe anakuja leo."

Hiyo ilikuwa siku ya tatu hajatia kitu tumboni.

Simu ikalia juu ya cherehani. Ujumbe ulikuwa wa Castory: "Tumepita Mikese. Nimekumisi mpaka naona aibu mbele za abiria. Mwambie Bwana Shamba nimemletea papa mkavu wa Mtwara, ajiandae." Nikausoma mara mbili, kisha nikakaa chini palepale nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Mwanamke aliyemsubiri mchumba wake miezi minane alitakiwa awe anapaka wanja saa hizo.

Acha nikueleze huyu Bwana Shamba ni nani, maana bila yeye hutaelewa jinsi nilivyoharibu.

Alikuwa paka wa mama yake Castory, marehemu mama Cecilia, kule Nyandira milimani. Ni mama Cecilia aliyempa jina hilo, kwa sababu kila alfajiri, kabla watu hawajapiga mswaki, alikuwa anapita tuta moja baada ya jingine la kabichi, ananusa, anasimama, anatikisa mkia, anaendelea, kama afisa kilimo aliyetumwa na wilaya. Mama Cecilia alipofariki miaka miwili iliyopita, nyumba na shamba vilikwenda kwa Josephina, dada yake Castory. Kwa Waluguru ndivyo ilivyo. Ardhi ni ya ukoo wa mama na hufuata binti, na hakuna aliyenuna. Castory alichukua paka. "Dada karithi nyumba, mimi nimerithi mtumishi wa serikali," alikuwa anapenda kusema, na watu wanacheka. Mimi niliyekuwa nikimwona anavyomlaza kifuani, nilijua kwamba hana kitu kingine chochote kilichoguswa na mkono wa mama yake.

Alipopata mkataba wa ufundi mitambo kwenye kiwanda cha korosho huko Mtwara, paka aliniachia mimi. Alinipa masharti mawili tu. La kwanza, nisimnyime dagaa. La pili, nisimchanganye na paka wa mtaani. "Huyu ni mtu wa mlimani, Hosi," aliniambia. "Magonjwa ya mjini hayajui." Nikacheka, nikamwahidi.

Kisha mvua za vuli zikamleta mgeni. Jike, rangi ya chungwa, mbavu zote zinahesabika. Aliruka ukuta saa ya chakula, akasimama mlangoni, akamtazama Bwana Shamba anavyokula. Mimi ni Mpare wa Usangi, nimelelewa na bibi. Kwa bibi yangu, mgeni akikukuta unakula humtengei sahani yake. Kumtengea ni kumwambia ale upesi ashike njia. Unasogea, anakaa, mnachota pamoja. Basi nikasogeza sahani. Nilikumbuka sharti la Castory, nisiseme uongo mwingine hapa. Nililikumbuka vizuri kabisa, nikaliona ni la kibaguzi kidogo, nikalipuuza. Wakala sahani moja miezi miwili. Wakalala kapu moja la vitambaa, wakirambana masikio. Niliwapiga picha nyingi, na kila niliyomtumia Castory niliikata kwanza upande aliokuwa mgeni. Mtu asiyejiona ana kosa hakati picha.

Mwezi wa kwanza mgeni akafia chini ya karo la nje. Mwezi wa pili Bwana Shamba akaanza kukonda, na Daktari Shadya, mganga wa mifugo, akamtoa tone la damu akalipima.

"Ni leukemia ya paka," aliniambia. "Husababishwa na virusi, na vinakaa kwenye mate. Havimpati binadamu, usiogope. Lakini dawa ya kuvimaliza hakuna. Tutamtunza tu, na wengine huishi muda mrefu. Umewahi kumlisha pamoja na paka mwingine?"

"Hapana, daktari," nikajibu.

Ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili nilimwambia Castory jioni ileile, alipouliza kama kawaida yake, "Bwana Shamba?" Nikasema, "Mzima. Kanona." Tangu hapo ukawa wimbo wetu wa kila siku.

Na ubaya wa jambo lenyewe ni huu. Mama Cecilia aliugua mwaka mzima Castory akiwa kazini Tabora, na kila akipiga simu aliambiwa mama mzima, mama yuko shambani. Siku alipoambiwa ukweli, alikuwa anaitwa kuzika. Alinisimulia hayo siku ya kwanza aliponishika mkono, kwenye bustani moja ya mjini. Alisema, "Wangeniambia, Hosi, ningekaa naye hata wiki moja." Nilimfuta machozi kwa khanga yangu. Nilijua kidonda kilipo, nikaja kukitia kidole.

Kwa nini? Kwa sababu niliogopa atanichukia. Na kwa sababu ya mjomba Agustino, kaka wa mama Cecilia, ambaye tangu mwanzo hakunitaka. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mpare atatulelea nini?" Nikajiambia, wakisikia nimemuua paka wa marehemu kwa sahani moja ya dagaa, posa imekwisha.

Castory aligonga saa nne na nusu. Alikuwa na ndevu mpya, shati la bluu limekunjamana kwa safari, na kiroba cha korosho begani. Hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, na mimi nikasahau kila kitu kwa muda wa pumzi mbili tatu. Macho ya mwanaume huyu yana upole ambao sijaustahili siku yoyote.

"Umelia," akasema.

"Kitunguu."

"Saa hizi unapika?"

Akatua kiroba, akanivuta kifuani. Alinuka vumbi, sabuni ya kipande na abiria mia. Nilimng'ang'ania kuliko adabu inavyoruhusu, na yeye akaniacha ning'ang'anie. Kisha akatazama juu ya bega langu, nikasikia mwili wake unakuwa mgumu.

Alimwendea paka, akapiga magoti, akamnyanyua kwa mikono miwili. Nilimwona anavyoshtuka na wepesi wake. Bwana Shamba alimnusa kidole, akajaribu kusimama, akashindwa, akalaza kichwa kwenye kiganja chake. Castory akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe.

"Hosi, huyu ana nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia ugonjwa, nikamwambia virusi na mate. Nilimwambia kwamba jana Daktari Shadya alimchoma sindano ya kichefuchefu, akanipa na kidonge cha hamu ya kula, akasema nimpe chakula cha vuguvugu chenye harufu, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, na kama hadi kesho hatakula nimrudishe tuzungumze mengine. Na kwa sauti ambayo mwenyewe sikuitambua, nikamwambia habari za yule jike wa rangi ya chungwa. Nikamweleza sahani ilivyokuwa moja, na miezi miwili ya kulala kapu moja.

"Ulinikataza," nikasema. "Nilikusikia, na bado nikafanya."

Akampapasa paka shingoni. Nilisubiri anifokee. Nilitaka anifokee.

"Ulimkaribisha mgeni," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mama yangu angekuwa hapa, angemkaribisha kwenye sahani hiyohiyo. Na mimi angenitukana kwa kutoa masharti." Akaninyooshea mkono, nikaushika. Akanifuta shavu kwa kidole gumba. "Siwezi kukulaumu kwa kuwa na huruma, mpenzi. Huruma yako ndiyo niliyoifuata huku Kilakala. Mmegundua lini? Wiki hii?"

Sikiliza, nilikuwa na nafasi. Neno lilikuwa mdomoni, tena fupi. Lakini mkono wake ulikuwa shavuni kwangu, na nilikuwa nimesamehewa muda mfupi tu uliopita, na msamaha ni mtamu. Nikainamisha kichwa. Yeye akadhani nimeitikia.

"Pole sana," akasema, akanibusu kwenye paji la uso. "Wiki nzima umebeba hili peke yako, hutaki kunitia wasiwasi njiani. Pole, Hosi wangu."

Ile pole iliniuma kuliko kofi.

"Nipe namba ya daktari nimshukuru," akaongeza.

"Yuko mashambani hadi jioni, simu hazishiki huko," nikamjibu upesi. Unaona mambo hayo? Uongo haukai peke yake, lazima uzae.

Tukampashia mchuzi tena. Castory alipaka kidogo kwenye kidole chake, akamwekea puani. Paka akanusa, akageuka. Akapasua kipande cha yule papa wa Mtwara, akakilowesha maji ya moto mpaka chumba kizima kikanuka bandari. Bwana Shamba akafumbua macho, akakitazama kwa heshima, akayafumba.

"Nilitaka iwe ghafla," Castory akasema, bado amechuchumaa, "lakini bora nikuambie. Mjomba anashuka leo. Amepanda gari la mboga tangu alfajiri. Amesema hatajibu habari ya posa mpaka akuone kwa macho yake, kwako, unavyoishi."

"Leo?"

"Saa nane."

Nikatazama gauni langu lenye mchuzi wa dagaa, nikatazama sakafu, nikamtazama paka.

Mjomba Agustino alifika saa nane kasorobo, mzee mrefu aliyenyooka, koti la kijivu, viatu amevifuta tope la mlimani kwa majani kabla ya kubisha. Mkononi alikuwa na kiroba cha njegere na karoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Pokea, hizi ni za mabonde yetu. Karoti za mjini hazina utamu."

Nilimpokea kwa mikono miwili na goti. Alikaa, akakitazama chumba polepole: cherehani, sare zilizokunjwa, picha ya kipaimara changu ukutani. Nilimtengea ugali na kuku, akala kwa utulivu, akasifu chumvi. Alipomaliza kunawa, akajikohoza. Wazee wa Mgeta, huko kwao milimani, hawazungushi maneno wakishashiba.

"Mwanangu Hosiana, mimi sina ugomvi na wewe. Jambo langu ni hili. Kwetu mtoto ni wa lukolo la mama yake, yaani ukoo wake. Ndiko anakopata jina, shamba na mahali pa kuzikwa. Kwenu mtoto ni wa baba. Sasa huyu Castory akizaa na wewe, kwetu mtoto hana mama wa ukoo, na kwenu hana baba wa Kipare. Si atadondoka katikati?"

"Au atakuwa na wazee wa kumkaripia pande zote mbili, mjomba," nikasema.

Mdomo wake ulicheza kidogo, karibu atabasamu. "Ulimi unao. Hilo nilishaambiwa." Kisha macho yake yakashuka kwenye kapu la vitambaa pembeni ya cherehani. "Huyo si yule paka wa dada yangu? Amekuwaje?"

Kabla sijafungua mdomo, Castory akadakia.

"Anaumwa, mjomba. Ameanza wiki hii. Ana ugonjwa wa damu, na tangu juzi hali. Hosi hajalala. Anamlisha kwa bomba kila baada ya saa mbili, amempeleka kwa daktari, amefunga kazi za watu kwa ajili yake." Akaniwekea mkono begani. Sauti yake ilikuwa imejaa fahari. "Mjomba, unauliza Mpare atalea nini. Mtazame. Nani mwingine angemkeshea paka wa mama mkwe ambaye hata hakuwahi kumjua?"

Mzee akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, macho yake yalilegea.

"Hilo ni jambo," akasema taratibu. "Hilo nitalisema huko juu. Ni jambo kubwa."

Nikaona posa yangu inakuja. Nikaiona kabisa, na vigelegele vyake. Nilichotakiwa kufanya ni kutazama chini kama binti mwenye haya, na Castory angekuwa wangu kwa uongo wa siku mia na ishirini, na kila asubuhi ningeamka pembeni ya mtu anayenishukuru kwa kitu ambacho sikukifanya. Mkono wake ulikuwa mzito begani. Nikautoa.

"Si wiki hii, mjomba," nikasema.

"Nini?"

"Hajaanza kuumwa wiki hii. Tulimpima mwezi wa pili. Mimi nimejua tangu mwezi wa pili."

Nje, jirani alikuwa anatwanga.

"Kila Castory alipopiga simu nilimwambia mzima, kanona. Picha nilizokuwa namtumia zilikuwa za Oktoba. Na ugonjwa wenyewe niliuleta mimi, kwa kukaidi alichoniambia. Hicho amenisamehe asubuhi. Hiki hakukijua."

Niligeuka kumtazama, ingawa nilitamani sakafu inimeze. Castory alikuwa anahesabu. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti.

"Pasaka," akasema. "Pasaka nilipewa siku nane. Nilikupigia, nikakwambia ninakuja. Ukasema mkataba umebaki kidogo, vumilia."

"Ndiyo."

"Nikakaa bwenini siku nane. Wenzangu wote walikwenda makwao. Nilikuwa nalala mchana ili siku ziishe. Nilidhani umenichoka, Hosi."

"Sikuwa nimekuchoka. Nilikuwa nalia kila usiku."

"Lakini ulinikataza nisije."

"Ungemwona."

"Ningemwona." Sauti ikamkatika. "Alikuwa bado anatembea wakati ule?"

Hilo ndilo swali lililonimaliza. Maana Pasaka ile Bwana Shamba alikuwa bado anapanda juu ya cherehani, bado anakwenda kukagua mchicha wa jirani kila asubuhi.

"Alikuwa anatembea," nikamjibu.

Castory akasimama. Alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimewahi kuyaona, macho ya mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. "Wewe ndiye mtu pekee niliyemwambia habari za mama," akasema, kisha akatoka uani, akaurudisha mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Nikabaki na mzee. Nilikwenda kupiga magoti kwenye kapu, nikaanza kumpangusa paka mdomo kwa kitambaa cha sare. Nilisubiri mjomba ainuke aondoke.

"Nilikuja kusema hapana," akasema nyuma yangu. "Maneno nilishayapanga tangu tunapita Mzumbe."

"Najua, mjomba. Una haki."

"Nyamaza kwanza, mwanangu." Alivuta kiti, akakaa karibu nami, viwiko juu ya magoti. Aliponena tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Cecilia alipougua, alinishika mkono akaniapisha. Akasema, Agustino, mtoto ndiyo kwanza amepata kazi, usimwambie. Simu ya kule nyumbani nilikuwa nayo mimi. Castory akipiga, mimi ndiye ninayepokea. Mama yako yuko shambani. Mama yako amekwenda jumuiya. Mama yako amelala, amechoka na palizi. Mwaka mzima. Siku za mwisho alikuwa anamwita, na mimi nimekaa na simu mfukoni." Akajifuta uso kwa kiganja. "Yeye anaamini ni mama yake aliyemficha. Nimemwacha aamini hivyo. Marehemu hawezi kujitetea."

Nilimtazama tu mzee yule niliyemwogopa miaka miwili.

"Sasa nimkataze asioe mwongo," akasema, "nikiwa mimi nani?"

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Sijui ulifunguka saa ngapi. Castory alikuwa amesimama kizingitini, mkono umeshika mwimo, na kwa uso wake nikajua kwamba hakuna neno lililompita.

"Mjomba," akasema.

Mzee akainuka taratibu, uzee wote ukamjia kwa mara moja. "Nisamehe, baba."

"Alikuwa ananiita?"

"Alikuwa anakuita."

Castory aliegemea ule mwimo akalia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama wanaume wanavyolia, kwa mabega, uso ameugeuzia ukuta. Nilitaka kwenda kumshika, nikajizuia, kwa sababu nilijua sina haki hiyo tena. Mjomba naye hakwenda. Tulibaki wawili sisi, kila mmoja upande wake wa kapu, wahalifu wa kosa moja.

Alipomaliza, alijifuta kwa shati. "Wote mnanipenda," akasema. "Wote. Na hakuna hata mmoja aliyeniona nina kifua cha kubeba habari ya kwetu. Mnanificha kama mtoto anayefichwa sindano."

"Castory," nikaanza.

"Sijamaliza. Mama amekufa sijamwona. Huyu hapa bado anapumua." Akaingia, akapita katikati yetu, akakaa chini sakafuni mgongo ukutani, akamtoa Bwana Shamba kwenye kapu akamlaza mapajani. "Ule mchuzi uko wapi?"

"Umepoa."

"Upashe."

Niliupasha. Nikamwaga nusu jikoni. Niliporudi, mjomba alikuwa amevua koti na kulitandika juu ya magoti ya Castory, paka asisikie baridi. Nikamkabidhi Castory bomba, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Unakwenda wapi?" akauliza bila kunitazama. "Nitamshikaje kichwa na mikono miwili hii? Njoo umshike."

Nikakaa. Bega langu liligusana na lake, na halikunisogelea wala halikunikimbia. Nikashika kile kichwa kidogo, joto, mifupa mitupu. Castory alisukuma tone moja. Paka akalitema. Akasubiri, akasukuma jingine, dogo zaidi, pembeni ya shavu. Koo likacheza. Tukatazamana kwa bahati mbaya, tukaondoa macho.

"Amemeza?" mjomba akauliza.

"Amemeza," nikasema.

Ilituchukua karibu saa nzima. Matone tisa yaliingia, manne yakarudi. Baada ya tone la tisa Bwana Shamba alitoa ulimi mweupe akaramba kidole cha Castory chenye mchuzi, mara moja, halafu akalala. Nilijua si kupona. Daktari alishanieleza kwamba siku njema huwa zinakuja na kuondoka, na safari hii sikulimeza neno hilo peke yangu.

"Hii si kupona, Castory," nikamwambia. "Anaweza kula leo, kesho akakataa. Nisingependa udanganyike."

Akaitikia kwa kichwa. Kidole chake kilikuwa bado kwenye manyoya.

"Kesho tunakwenda wote kwa daktari," akasema. "Utamwambia kila kitu mbele yangu, na habari ya yule jike. Na kama ana neno baya la kusema, nataka nilisikie mwenyewe, kwa mdomo wake, nikiwa nimemshika."

"Sawa."

"Mjomba atalala hapa. Jumapili tutapanda naye Nyandira, anionyeshe alikolala mama siku za mwisho. Anisimulie yote."

"Nitakusimulia," mzee akasema.

Swali lilikuwa linanisumbua tangu alipotoka nje, na nikaona bora nipigwe mara moja.

"Na mimi?"

Sasa ndiyo akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu, hayakuwa na ule upole wa asubuhi. Lakini yalikuwa yananitazama mimi.

"Nina hasira na wewe, Hosiana. Sijui zitaisha lini. Zinaweza kuchukua muda mrefu." Akasogeza koti la mjomba limfunike paka vizuri. "Lakini nitakasirikia hapahapa. Usije ukanikataza tena kuja."

Nikasema sitamkataza, na nikaendelea kukishika kile kichwa mpaka mkono ukaniingia ganzi.